Jiwe Lililokatazwa Kulala

Haya, sogeeni niwategee kimoja. Ninacho changu: kifuani kina jina la mkubwa, kimepita kila kijiji cha nchi, kimepigiwa ngoma na vigelegele, na hakijawahi kuota hata ukuta mmoja. Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi nimekwenda katika huo mji mlionipa, nimekuta kashimo ka mraba na nyasi zilizokanyagwa. Nimeurudisha, chukueni wenyewe. Jibu lake ni jiwe la msingi.

Iko nchi moja, si hii, msianze kutazamana. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Misingi na Matarajio, ambayo kazi yake ilikuwa kuweka mawe ya msingi. Kujenga juu ya mawe ilikuwa kazi ya wizara nyingine, na hiyo wizara nyingine nayo ilikuwa imeshawekewa jiwe la msingi, bado tu haijajengwa.

Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Tindo Kivumbi. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea hotuba na nyingine ya kutosomea malalamiko. Miaka ya mwanzo kila mkoa ulikuwa na jiwe lake, mawe meupe mazuri yaliyotoka ng'ambo kwa meli. Kisha Mheshimiwa akaanza kujenga uzio nyumbani kwake, na uzio ule, masikini, ukawa hautoshi, ukawa hautoshi, mpaka nchi nzima ikabaki na jiwe moja.

Moja likatosha. Walilitengenezea vibao vya bati vyenye majina ya vijiji, kila kibao skrubu mbili. Wakimaliza sherehe hapa wanafungua skrubu, wanabadilisha kibao, wanapakia jiwe kwenye lori, haooo, kijiji cha pili. Kulishikizia hawakutumia saruji. Walikoroga unga wa muhogo na majivu, ambao ukiutazama kwa mbali, na hasa kwenye televisheni, huoni tofauti. Jioni unabanduka kwa mkono kama ukoko wa ugali.

Haraka ile haikuwa bure. Palikuwa na sheria ya zamani, iliyotungwa na watu waliokuwa bado hawajaelimika, kwamba jiwe la msingi likilala mahali pamoja siku tisini, Serikali lazima ijenge hapo. Isipojenga, jiwe linakuwa mali ya wanakijiji. Kuifuta kulihitaji Bunge likae. Bunge lilikuwa linakaa kwenye ukumbi wa harusi wa kukodi, na wenye harusi walikuwa wameuwahi mpaka mwakani. Basi sheria ikabaki, na jiwe likakatazwa kulala.

*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na mchezo wa simu. Mtu anaficha kopo chini ya kalavati, au anachagua kaburi la kale, au mti wenye umbo la kuchekesha, anaweka alama yake kwenye ramani ya simu. Mwingine asiyemjua anaiona ile alama, anafuata mshale porini na vichochoroni mpaka simu inalia ti-ti-ti. Akikikuta kitu anapiga picha na kuandika "Nimekikuta." Asipokikuta anaandika "Hakuna kitu." Zawadi hakuna. Ni kombolela tu, ila wanaojificha ni makopo na wanaotafuta wana ndevu.

Katika kijiji cha Kidundika alikuwepo mmoja wa hao wasakaji, Bwana Makungu, tarishi mstaafu. Alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja, na watu walipoacha kuandikiana barua, miguu yake ikabaki inawasha. Simu ikamponya. Na Wizara, kwa kujisifu kwake, ilikuwa imeyaweka mawe yake yote mia sita na kumi na mawili kwenye ramani ile, yakaitwa vivutio. Makungu akayaandama. La kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Alipofika la arobaini na tatu akarudi nyumbani akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji," alimwambia Bi. Mashavu, mkunga wa kijiji, mjane wa rafiki yake, "hebu tazama picha hizi. Hii wameipiga wenzangu siku ya sherehe huko kusini, hii kaskazini, hii huko kwenye milima. Unaona nini?"

"Naona mtu aliyeacha shamba likaota magugu."

"Tazama jiwe, shemeji. Ile kona."

Bi. Mashavu akaisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu. Kona ilikuwa imemeguka kama andazi lililoumwa. Kwenye picha ya pili, andazi lilelile. Ya tatu, lilelile.

"Ina maana Serikali nzima ina jiwe moja?"

"Na lori moja."

Makungu alicheka mpaka akakohoa. Bi. Mashavu hakucheka. Alikuwa na binti yake wa mwisho, Sikitu. Mwaka juzi uchungu ulimshika Sikitu mvua ikinyesha, na hospitali ya karibu ilikuwa kilomita thelathini na nne. Wakamlaza kwenye kitanda kilichofungwa juu ya baiskeli mbili. Kitoto kikazaliwa njiani, juu ya tope, na hakikulia. Kidundika ilikuwa imeahidiwa zahanati tangu Sikitu mwenyewe akiwa tumboni. Na sasa Sikitu alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitatu.

Alichokitaka Bi. Mashavu hakikuwa kikubwa: sakafu kavu, paa lisilovuja, maji ya bomba na mlango unaofungika. Mikono alikuwa nayo.

Wiki ileile ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Tindo Kivumbi anakuja Kidundika kuweka jiwe la msingi la zahanati.

*

Barua ya maandalizi ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kumi na tatu zilihusu chakula. Wa mwisho uliwaagiza akina mama wa kijiji wakoroge "kishikizi cha jiwe: unga wa muhogo debe moja, majivu nusu debe, maji ya kiasi."

Bi. Mashavu alikuwa na mfuko wa saruji chini ya kitanda. Aliuweka kwa ajili ya kulijengea kaburi la mumewe. Aliuvuta, akakaa nao sakafuni kitambo.

"Utanisamehe, baba Sikitu," alisema. "Wewe umeshapata mahali pa kulala."

Siku ikafika. Magari ishirini na mawili, vumbi, tarumbeta. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akavaa miwani ya hotuba.

"Wananchi wa..." Akamtazama Katibu wake, Bwana Faharani. Faharani akalitazama bati. "Wa Kidundika! Leo si siku! Leo ni zama! Nikisimama hapa naiona zahanati! Naona vitanda vimetandikwa! Naona wauguzi wanatabasamu! Je, mnawaona?"

"Tunawaonaaa!" wakaitikia, kwa kuwa pilau lilikuwa bado halijapakuliwa.

"Wewe mzee wa mbele hapo! Unaona nini?"

"Namwona mbuzi wangu anakula maua yenu, Mheshimiwa."

Mbuzi akaondolewa na maaskari wanne. Mheshimiwa akashika mwiko wa kung'aa, akachota kishikizi, akakunja uso.

"Mbona kizito leo?"

"Ni muhogo wa huku, Mheshimiwa," Bi. Mashavu akajibu, amepiga goti kwa adabu zote. "Una wanga mwingi."

Jiwe likawekwa, vigelegele vikapigwa, na hapo ndipo Kidundika ilipoonyesha ukarimu wake. Vikundi sita vya ngoma vilicheza, kimoja baada ya kingine. Dereva wa lori na wapakiaji wake walipakuliwa sinia la pili, la tatu, wakaletewa na mtori wa kushushia, mpaka wakawa hawawezi kuinama kufunga viatu, sembuse kubeba jiwe. Mheshimiwa akaondoka na msafara. Lori likabaki mpaka asubuhi.

Asubuhi wakalizunguka jiwe.

"Vuta!"

"Nimevuta."

"Vuta tena!"

"Bosi, anayevutika hapa ni mimi."

Akaitwa fundi mwenye nyundo na tindo. Akaliinamia jiwe, akasoma polepole kwa kidole: "Limewekwa na Mheshimiwa Waziri kwa niaba ya Mtukufu Rais..." Akanyanyuka.

"Hapa ndipo mnataka nipige nyundo?"

"Piga pembeni," akasema Bwana Faharani, aliyerudishwa mbio kutoka njiani.

"Pembeni sawa. Ufa ukitembea ukafika kwenye jina?"

"Hautatembea."

"Nipe maandishi. Kwamba mimi fundi nimeagizwa kuligonga jiwe la Mtukufu Rais kwa nyundo, na jina la aliyeagiza."

Bwana Faharani alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Suala likaandikiwa barua. Barua ikaenda wilayani, wilaya ikaandika "Imeonekana, ipelekwe juu." Mkoa ukaandika "Imeonekana, ipelekwe juu." Ilipofika juu kabisa, huko nako wakaandika "Imeonekana, irudishwe chini kwa utekelezaji," na chini hakuna aliyethubutu kutekeleza, kwa sababu hakuna aliyesaini. Wakati barua inapanda na kushuka, jiwe lilikuwa limelala.

*

Makungu akaweka alama mpya kwenye mchezo wake. Akaandika: "Jiwe lipo. Halijaondoka. Njooni mlione kabla halijatoroka."

Wakaja! Wasakaji waliochoka na makopo ya chini ya kalavati walikuja kwa mabasi, kwa pikipiki, wengine kwa miguu wakiwa wameinamia simu mpaka wanagongana na ng'ombe. Kila siku mtu anafika, simu inalia ti-ti-ti, anapiga picha jiwe na kona yake iliyomeguka, na simu yenyewe inaandika tarehe na saa. Siku ya kumi, picha thelathini. Siku ya hamsini, picha elfu moja na ushei. Sikitu, tumbo limeanza kusogea mbele, alikuwa akiwauzia uji na kuhesabu siku kwa mkaa ukutani.

Wizara haikulala. Iliunda Kurugenzi ya Nukta, ikiwa na mkurugenzi, manaibu watatu, na mtu mmoja anayejua kutumia kompyuta. Huyo mmoja akaagizwa alihamishe jiwe. Akalihamisha kwa kidole, akiwa amekaa, anakula karanga. Kwenye ramani ya Serikali jiwe likatoka Kidundika likaenda kutua katikati ya kinamasi cha Lumbwe, kilomita kumi na tisa kutoka hapo, mahali ambapo hata vyura hukaa kwa muda tu.

Kisha Bwana Faharani akatumwa Kidundika kuwathibitishia wananchi kwamba hawana jiwe. Alisimama mbele yao, mguu mmoja ameupandisha juu ya jiwe, simu mkononi.

"Nimekagua. Hapa hakuna jiwe."

"Na hicho ulichokanyaga, baba?" akauliza Bi. Mashavu.

"Ninachokanyaga si hoja. Hoja ni ramani. Jiwe liko Lumbwe."

"Na wewe uko wapi?"

Bwana Faharani akaitazama simu. Mshale ulikuwa unamwonyesha Kidundika.

"Mimi niko njiani kwenda Lumbwe."

"Basi mwongozane," akadakia Makungu. "Maana picha elfu mbili zinasema jiwe halijui njia."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Faharani akashusha mguu, akapanda gari, akaandika taarifa kwamba wananchi wameridhika.

*

Siku ya tisini wanasheria wa Wizara walikaa kutwa. Wakiacha kujenga, jiwe lenye jina la Mtukufu Rais litakuwa mali ya watu watakaolisugulia visigino. Hilo haliwezekani. Wakijenga zahanati, vijiji vingine mia sita na kumi na viwili vitadai. Hilo ndilo haliwezekani zaidi. Jioni mmoja wao, kijana aliyesoma ng'ambo miaka minane, akanyanyua kidole.

"Sheria inasema Serikali itajenga. Haijasema itajenga nini."

Wakampigia makofi. Ikaamuliwa kwamba mahali pale patajengwa nyumba ya jiwe.

Sitanii. Nchi ile, ambayo ilishindwa kumjengea mzazi kibanda kwa miaka ishirini na sita, ilimjengea jiwe nyumba kwa wiki kumi na mbili. Kuta za matofali ya kuchoma, bati jekundu, sakafu ya vigae ili jiwe lisipate unyevu. Maji ya bomba, ndani kabisa, ya kuliosha jiwe kila Ijumaa. Tangi la kuchemshia maji, kwa kuwa maji baridi yangeweza kulipasua. Kochi refu la ngozi kwa ajili ya mgeni rasmi atakapochoka kulitazama. Mlango wa mninga, kufuli la shaba, na mlinzi mwenye kofia, Bwana Ngwale, aliyepewa karatasi ya makatazo: marufuku kulishika, kulipiga picha, kuliegemea, kulitemea mate, na kucheka mbele yake.

Sikitu alikuwa akipita pale kila siku kwenda kisimani, ndoo kichwani, miezi minane, miezi tisa. Nyumba mpya ikimtazama kwa madirisha yake ya vioo.

"Mama," alisema siku moja, "mimi ningekuwa jiwe."

Bi. Mashavu alikwenda kusimama mlangoni pale, akamwomba Bwana Ngwale amsomee ile karatasi, polepole, kutoka juu mpaka chini. Akamwambia airudie. Akashukuru, akaenda zake.

*

Siku ya uzinduzi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa. Msafara ulitoka mjini alfajiri. Dereva wa mbele alikuwa mgeni katika njia zile, akawasha simu, akafuata ramani ya Serikali kwa utiifu mkubwa. Mnajua ramani ya Serikali iliweka wapi jiwe. Magari matatu ya kwanza yaliingia kinamasi cha Lumbwe yakiwa na bendera, na simu ikalia ti-ti-ti kuwapongeza kwamba wamefika.

Huku Kidundika, mvua ilianza na uchungu wa Sikitu ulianza. Bi. Mashavu alimshika mkono wa kulia, Makungu wa kushoto, wakateleza naye mpaka mlango wa mninga.

"Bwana Ngwale, fungua."

"Dada, nitafukuzwa kazi."

"Karatasi inakataza kulishika jiwe. Hatutalishika. Inakataza picha, hatuna haja ya picha. Kuliegemea, ataegemea kochi. Kucheka, hebu mtazame huyu, ana dalili ya kucheka?"

Sikitu akatoa sauti ambayo haikuwa ya kucheka.

"Kuzaa kumekatazwa?"

Bwana Ngwale akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akafungua kufuli.

Wanawake wakaingia, wanaume wakabaki nje, mlango ukakomewa kwa ndani.

Ilikuwa yapata saa nane mchana msafara ulipofika, Mheshimiwa akiwa na tope mpaka kwenye mkanda, kiatu kimoja kimebaki Lumbwe. Utepe mwekundu ulifungwa haraka mlangoni. Mkasi wa dhahabu ukaletwa juu ya mto wa hariri. Mkasi nao, nilisahau kuwaambia, nchi nzima ulikuwa mmoja.

"Mlango umefungwa!" akanong'ona Bwana Faharani.

"Fungueni!" akanguruma Mheshimiwa.

Dirisha likafunguka kidogo, ukatoka uso wa Bi. Mashavu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hamwingii. Humu kuna mzazi."

"Kuna nini?"

"Kuna mwanamke anajifungua. Na wembe wangu umeangukia matopeni. Hebu lete huo mkasi."

"Huu ni mkasi wa Taifa!"

"Na huyu ni wa taifa gani? Lete, nauchemsha. Na huo utepe pia, kipande cha kufungia kitovu."

Waandishi wa habari walikuwa wameshainua kamera. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kwenye mvua, kinamtazama Waziri. Mheshimiwa akatafuta miwani ya kutosomea malalamiko, akakuta nayo imebaki kinamasini. Mkono wake ukanyooka wenyewe. Bi. Mashavu akapokea mkasi, akauvuta na utepe, dirisha likafungwa.

Alichoweza kufanya mwanasiasa pale ni kimoja tu, naye akakifanya: akaanza kuuhutubia mlango. Alieleza mlango mafanikio ya Wizara tangu kuasisiwa. Alikuwa amefika lengo la nne, mkakati wa saba, ndipo ndani kitoto kilipolia. Na kulia huko! Kililia kama kina kesi na mtu. Watu wakarusha kanga juu, Makungu akakaa kwenye tope akilia naye, na Mheshimiwa, akidhani ni mkakati wa saba, akainama kushukuru.

Makofi yalipopungua akagonga dirisha.

"Mama, hongera. Sasa tupatie mkasi tuzindue."

"Haiwezekani, baba. Mkasi umeshaingia kwenye uzazi. Kwetu kilichoingia na mzazi kinatoka na mzazi, siku ya arobaini."

"Arobaini!"

"Ukikiharakisha, kitamdhuru aliyekitaka. Wewe ndiye unayekitaka."

Mheshimiwa alirudi nyuma hatua mbili. Kwa kanuni za Wizara, jengo ambalo halijazinduliwa si la Wizara bado: haliwezi kukaguliwa, kupewa jina la mtu, wala kufungwa. Akaondoka na kiatu kimoja, akiahidi kurudi siku ya arobaini.

Siku ya thelathini na nane akaingia mke wa mwenye mbuzi, uchungu wa pacha. Mkasi ukachemshwa tena, arobaini ikaanza upya. Kabla hiyo haijaisha wakaja wawili kutoka kijiji cha pili, wamefuata mshale wa simu ya Makungu. Vitambaa vya kanga vinaanikwa juu ya jiwe, linafaa sana, linashika joto. Bwana Ngwale ndiye anayechemsha maji. Kila mwezi Wizara inaandika barua kuuliza mkasi wa Taifa utarejeshwa lini, na Bi. Mashavu anajibu kwa heshima kwamba wapo watano wanaungojea.

Nyumba ile mpaka leo haijazinduliwa. Ndiyo maana inafanya kazi.